Harufu ya Mafuta Siku ya Jumanne

Somo la kuchambua habari liliangukia kwangu kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Mwalimu wa hesabu alisema ana hesabu zake, mwalimu wa michezo akasema ana magoti yake, basi mkuu wa shule akanigeukia mimi, Sairagul, mwalimu wa lugha. "Wewe si unapenda kubishana? Haya, kabishane na simu." Nilicheka nikalichukua. Kupenda kubishana ni kweli napenda, na hapa kijijini kwetu, milimani juu ya mji wa At-Bashy, hakuna asiyelijua hilo.

Nilipewa darasa la tisa. Nusu yao wanalelewa na bibi na babu, wazazi wako Urusi wanajenga nyumba za watu na kuzoa theluji ya watu. Kwa watoto hao simu ndiyo mama, ndiyo baba. Nilijua nikiwaambia simu ni mbaya watanicheka, na wangekuwa na haki. Kwa hiyo niliwafundisha swali moja tu, wakalichoka mpaka wakawa wanalitania barabarani: nani aliona kwa macho yake?

Mtani mkuu alikuwa Bekmyrza. Kwetu habari njema ina ujira wake. Anayeileta wa kwanza hupiga kelele "Suyunchu!" mlangoni, na mwenye nyumba humpa kitu kabla hata hajajua ameletewa nini. Bekmyrza ana miguu ya kulungu na masikio ya popo, hivyo suyunchu za mtaa mzima zilikuwa zake. Ng'ombe akizaa, yeye. Mtu akifaulu mtihani, yeye. Kuna mwaka alizawadiwa mwanakondoo kwa kutangaza mtoto wa kiume kwa mzee wa mtaa wa juu, halafu mtoto akawa wa kike. Mwanakondoo hakurudi.

"Eje," aliniambia siku moja, maana wanafunzi wote huniita eje, dada mkubwa, "nikisubiri kujua nani aliona, mwingine atafika kabla yangu."

"Afike. Wewe utafika na ukweli."

"Ukweli haulipi, eje."

Darasa zima lilicheka, na mimi pia, ingawa moyoni niliumia kidogo.

Habari ya msiba ndiyo haikimbii. Hiyo hutembea. Wazee hukusanyika kwanza mahali pa siri, hema la sufu huletwa, farasi wa kuchinja hufungwa, muuguzi huitwa akae karibu na mkoba wake. Kila kitu kikiwa tayari ndipo wanaingia kwa mfiwa, pamoja, polepole, na kuzunguka na maneno mpaka mwenyewe aelewe. Niliwaambia wanafunzi kwamba simu imevuruga desturi hizi mbili: imeipa habari ya kifo miguu ya suyunchu. Waliandika sentensi hiyo kwenye madaftari kwa sababu niliwaambia waandike. Nadhani hakuna aliyeielewa mpaka ile Jumanne ya matope.

Jumanne hiyo niliingia darasani alasiri nikakuta wema usio wa kawaida. Ayzirek, msichana mwembamba wa dawati la nyuma, alikuwa amekalishwa karibu na jiko la makaa, kiti ambacho Bekmyrza hukilinda kama shamba la urithi. Mbele yake kulikuwa na peremende na tufaha. Msichana mmoja alikuwa anamsuka nywele. Watoto wa darasa la tisa hawana wema wa bure, nawajua.

Ayzirek alisimama kabla sijasema neno.

"Eje, wananionea huruma tangu asubuhi. Bekmyrza kaniita dada. Nani kafa?"

Hakuna aliyemwangalia. Baba yake, Ularbek, yuko Urusi kwenye ujenzi mwaka wa nne. Mama yake aliolewa kwingine, na habari zake hatuzipati. Ayzirek anaishi na bibi yake, Totuya, ambaye moyo wake ulimlaza hospitali wakati wa baridi na daktari akasema asishtuliwe. Duniani hapa wawili hao wana Ularbek, na Ularbek ana wao.

"Bekmyrza," nikasema, "lete simu."

Ilikuwa video fupi. Barabara ya theluji, basi dogo limepinduka, watu wamelazwa kando ya mtaro na kufunikwa makoti. Sauti ya mwanamume ilisema kwa lugha yetu, "Ni vijana wetu jamani, vibarua wetu." Hapakuwa na majina wala mji. Chini yake, kwenye kundi la kijiji, watu walikuwa wamejaza maneno: Ularbek ametutoka. Mungu amrehemu Ularbek. Msimwambie bibi, wazee wanajiandaa.

Nilitaka kuizima, lakini Ayzirek alishafika begani kwangu. Nikafikiria kumtoa nje, nimkumbatie, nimdanganye kidogo kama tunavyowadanganya watoto wetu wote. Kisha nikamwona anavyoitazama ile video. Hakuwa analia. Alikuwa anatafuta.

"Simamisha hapo," akasema. "Hapo kwenye koti la kijani. Rudisha."

Kwenye kiwiko cha koti lililomfunika mmoja wa wale watu kulikuwa na kiraka chekundu cha sufu, kimeshonwa nakshi ya pembe za kondoo. Hakuna kiwanda kinachoshona hivyo.

"Kiraka ni cha bibi," alisema Ayzirek. "Koti ni la baba. Hilo nalijua." Akaigusa skrini kwa kidole. "Na simu yake haipatikani tangu juzi. Eje, uliza lile swali lako."

Namshukuru Mungu kwamba sikulia. Nilichukua chaki.

"Haya. Nani aliona kwa macho yake kwamba huyu ni Ularbek? Kila mmoja apige nyumbani. Msiulize kama ni kweli. Ulizeni, nani kakuambia?"

Darasa likawa kama soko. Huyu mama yake kaambiwa na mke wa mwenye duka. Mke wa mwenye duka kaambiwa na dereva wa lori. Dereva kasoma kwa shemeji yake, shemeji kapata kwa fundi cherehani. Niliandika kila jina ubaoni na kuchora mshale kwenda kwa aliyemtangulia, na mishale ikaanza kupinda kuelekea upande mmoja. Ayzirek aliketi amejishika mikono, huku akiwaandikia wenzake wa baba yake wote aliowajua: mwambieni baba apige. Hakuna aliyejibu.

Fundi cherehani alisema kaambiwa na Zuura. Zuura ni mama yake Bekmyrza, jirani wa ukuta mmoja na Totuya. Bekmyrza alimpigia na kuweka sauti ya wote kusikia. Nyuma ya sauti ya Zuura mafuta yalikuwa yanachemka.

"Mama, habari ya baba yake Ayzirek nani kakuambia?"

"Usiitaje hiyo habari shuleni, mtoto mbaya wewe! Kaniambia mke wa mwenye duka. Kanipigia analia. Ndio nakaanga maandazi hapa ya msiba, maskini Ularbek, alikuwa ananichotea maji..."

"Kabla ya yeye, mama?"

"Kabla ya yeye nani? Kabla ya yeye mimi nilikuwa sijui kitu. Asubuhi niliona ile video, nikamuuliza fundi tu, hivi hili si kama koti la Ularbek? Nikauliza tu. Halafu mchana ndio nikaambiwa..."

Mafuta yaliendelea kuchemka.

"Bekmyrza," akasema kwa sauti ndogo, "mwanangu, nimeshakaanga beseni zima."

Nilichora mshale wa mwisho. Ulitoka kwa Zuura ukaenda kwa mke wa mwenye duka, na duara likajifunga. Swali la mwanamke mmoja lilitoka jikoni kwake asubuhi, likazunguka kijiji, likarudi mchana limevaa nguo za jibu, naye akalipokea kwa machozi.

"Uongo!" Bekmyrza aliruka juu ya dawati. "Yuko hai! Ularbek yuko hai!" Na miguu yake, kwa mazoea, ikawa imeshafika mlangoni. "Suyunchu ya bibi Totuya ni yangu!"

Ayzirek alimwahi. Alimdaka ukosi akamvuta, na yule kijana anamzidi kimo kwa kichwa kizima.

"Wewe nani kakuambia yuko hai?"

"Si ubao huo! Si mama yangu huyo!"

"Ubao unasema hakuna anayejua amekufa. Haujasema yuko hai. Ukienda kumpa bibi furaha halafu ikageuka, utamuua wewe. Kaa chini."

Bekmyrza akakaa. Mimi nilibaki na chaki mkononi. Nimefundisha miaka mingi, na somo hilo mwenyewe nilikuwa sijalifikia. Nilikuwa nimewafundisha kukamata uongo, lakini sikuwa nimewaambia kwamba ukishaukamata, si lazima ubaki na ukweli mkononi. Wakati mwingine unabaki na mkono mtupu.

Mimi, Ayzirek na Bekmyrza tuliondoka kwa haraka kwenda kwa Totuya, matope yakituvua viatu. Nyuma ya zizi la Totuya lori lilishafika na mbao za hema la msiba. Farasi jike wa kijivu alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Wanaume walisimama wamekunja mikono, na mbele yao mzee Kasymaaly, ambaye ndiye hupeleka habari za vifo mtaani kwetu kwa sababu ana sauti nzito na subira. Walikuwa wanamsubiri muuguzi tu.

"Baike," nikamwita, maana ni kama kaka mkubwa kwangu, "ngojeni kwanza."

"Sairagul, hapa si pa kubishana. Mtoe mtoto huyo."

"Nani aliyeiona maiti ya Ularbek?"

Wanaume wakaangalia viatu. Kasymaaly alichukia. "Kijiji kizima kinasema. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja."

"Basi likija ndipo tulie. Marehemu baba yako alipopeleka habari ya kifo, si alituma kwanza mpanda farasi akaone?"

"Mpanda farasi wa siku hizi yuko humu." Akapiga mfuko wenye simu.

"Huyo hajafika Urusi, baike. Katoka jikoni kwa Zuura, kaishia jikoni kwa Zuura."

Bekmyrza akaeleza yote, macho chini, kwa sababu aliyekuwa anasemwa ni mama yake. Mmoja wa wanaume alicheka, akakohoa kuficha. Kasymaaly hakucheka. Aliposema tena, hasira ilikuwa imemtoka.

"Sawa. Lakini kama ni kweli, je? Koti mmeliona wenyewe. Kijiji kizima kina habari. Tukiondoka hapa, kesho mlevi mmoja atampa pole bibi huyu dukani, aanguke palepale. Sisi tunakuja pamoja ili asianguke peke yake. Hilo nalo umelifundisha?"

Ninasema wazi kwamba alikuwa na haki. Kumnyamazia Totuya kulikuwa hatari, na kumwambia kulikuwa hatari.

"Nitaingia mimi," alisema Ayzirek. "Nitamwambia tunachokijua."

"Tunajua nini, mtoto wangu?" Kasymaaly aliuliza.

"Kwamba hatujui."

Mzee alitikisa kichwa. "Hakuna desturi ya namna hiyo."

"Basi nyie kaeni karibu," alisema Ayzirek, na akasukuma mlango. Nikamfuata.

Totuya alikuwa ameketi sakafuni juu ya zulia anashona, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuinua uso.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumanne, bibi."

"Nilijua. Maandazi ya kuwakumbuka wafu hukaangwa Alhamisi, Jumanne hakuna anayeyakaanga, na mimi tangu mchana nanusa mafuta ya Zuura. Na Kasymaaly kajificha nyuma ya zizi langu na kofia yake imechomoza juu ya ukuta. Hajawahi kuwapenda ng'ombe wangu kiasi hicho." Sindano ilikuwa imesimama kwenye kitambaa, na nikaona kwamba haikuwa imesogea kwa muda. "Sema. Nina mwana mmoja tu, sihitaji kubahatisha."

Ayzirek alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Bibi, hatujui."

"Hamjui nini?"

"Kuna ajali huko. Tumeona koti la baba, lenye kiraka chako. Aliyelala chini yake hatujamwona uso. Watu wamesema ni baba, lakini tumewafuata mmoja mmoja, hakuna hata mmoja aliyeona. Simu yake haipatikani. Basi. Sijakuficha kitu na sijakuongezea kitu."

Nilikuwa nimesimama na kikombe cha maji na vidonge vyake, nimemkazia macho kifuani. Totuya alipumua. Akapumua tena. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

"Mlango huu umeingiwa na suyunchu," akasema mwishowe, "na umeingiwa na vilio. Mume wangu, wanangu wawili wadogo. Lakini 'hatujui' haijawahi kuingia." Alifuta miwani. "Haya, tuikaribishe. Ayzirek, weka chai. Sairagul, waite hao wachungaji wa ng'ombe wangu waingie, wataumwa mapafu huko nje."

Wakaingia, wazee wazima wenye aibu za wavulana. Muuguzi akaja akaketi karibu na Totuya, mkoba mapajani. Zuura alikuja na beseni lake la maandazi kwa sababu hakujua aliweke wapi, akabaki mlangoni analia, "Niliuliza tu, mama Totuya, wallahi niliuliza tu." Totuya akamwambia, "Kuuliza ni vizuri, shoga yangu. Ungesubiri ujibiwe." Hakuna aliyegusa maandazi. Tulikunywa chai ya maziwa, tukautazama moto. Hakuna aliyezunguka na maneno, maana maneno yenyewe hayakuwepo. Kukaa hivyo ni kazi ngumu kuliko kulia.

Jua lilikuwa linaelekea mlimani simu ya Ayzirek ilipolia. Namba ngeni. Aliweka sauti ya wote kusikia.

"Ayzirek? Ni mimi." Upepo ulikuwa unavuma humo ndani ya simu, sauti inakatika.

Zuura alipiga ukelele. Bekmyrza alishasimama, mdomo umefunguka kabisa, na neno suyunchu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ayzirek aliinua kidole.

"Wewe nani?"

"Nani tena? Baba yako!"

"Kwenye harusi ya shangazi ulianguka kutoka kwenye farasi gani?"

Sauti ikasema kwa uchungu wa miaka, "Nani kakuambia farasi? Alikuwa punda! Bibi yako aliwaambia watu farasi nisichekwe. Kuna nini huko? Simu yangu ilitumbukia kwenye zege, nimeazima ya msimamizi, nakuta kila mtu ananitafuta."

Totuya alicheka. Alicheka na kulia pamoja, akipiga zulia kwa kiganja, na wazee walicheka, na hata Kasymaaly alivua kofia akafuta macho nayo. Ayzirek alikuwa ameweka simu kwenye shavu kama mtu mwenye jino linalouma, na sasa ndipo alipolia. Bekmyrza alinitazama kuniomba ruhusa, nami nikatikisa kichwa kukubali, maana sasa ilikuwa haki yake. Akajaza kifua.

"Baba," Ayzirek alisema kati ya kwikwi, "koti lako liko wapi?"

"Koti lipi? La kijani? Nilimpa Samat, kijana mmoja wa Talas. Alikuja baridi imeanza na kijikoti cha mjini, nikamwonea huruma. Kwa nini?"

Bekmyrza alikifumba kinywa bila kutoa sauti. Kicheko kikakatika chumbani, mtu mmoja baada ya mwingine.

"Kwa nini, binti yangu? Mbona mmenyamaza?"

"Baba," alisema Ayzirek polepole, "mtafute Samat. Nenda mwenyewe ukamwone kwa macho yako. Mpaka uone, usimwambie mtu."

Simu ilipokatika hakuna aliyenyanyuka. Nje, yule farasi alikwaruza nguzo, na Kasymaaly akamtuma mtu akamfungue. Totuya alikuwa ameishika sindano tena, lakini hakushona. Alikuwa anaangalia kitambaa chekundu kilichobaki baada ya kukata kile kiraka.

"Nilikishona imara," akasema, "nikaomba mwanangu asipate baridi." Akanigeukia. "Mwalimu, na mama wa huyo kijana, huko Talas, saa hizi na yeye ananusa mafuta ya jirani? Yupo mtoto wa kuingia kwake kama huyu alivyoingia kwangu?"

Nilitazama chai yangu iliyopoa.

"Sijui, mama," nikamwambia.